Ombi Lako Kuhusu Kidosho

Nyumba Na. 14, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Malori.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba sasa unatembea mpaka sokoni bila kupumzika njiani, nikashukuru. Natumaini ile dawa unainywa baada ya kula, si kabla, kama ulivyozoea kwa ubishi wako. Sisi huku hatujambo. Mume wangu ana kikohozi cha vumbi, si cha kukutia wasiwasi. Mimi mzima. Binti yangu Kidosho naye mzima, na amerefuka kiasi kwamba ile sare tuliyomshonea Desemba tumeshafumua pindo lake lote.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Niliisoma, nikaiweka chini ya redio, nikaisoma tena. Uliuliza jambo moja tu: Kidosho arudi kwako mwisho wa muhula, au asirudi? Usidhani nilikupuuza. Ile mistari minne niliyokutumia Januari niliiandika moyo ukiwa juu, nayo ndiyo iliyokunyima usingizi. Safari hii nimesubiri nipoe. Sasa nakueleza mambo yalivyokuwa, kwa mpangilio, halafu utapata jibu lako.

Kazi yangu mpya unaijua kwa jina tu. Mimi ni msimamizi wa dobi katika hospitali ya hapa mjini. Nina mashine sita, nne zinafanya kazi, na wafuaji tisa. Mashuka yanakuja kwenye matoroli asubuhi, yanatoka mchana yakiwa yamepigwa pasi. Sikuomba uhamisho, na wewe ulikuwepo siku barua ya kuhamishwa ilipoletwa. Mume wangu alipata kazi ya kutengeneza majokofu baada ya wiki mbili. Anasema mji wenye joto haumwachi fundi wa barafu alale njaa.

Nyumba ina vyumba viwili na jiko. Tatizo lake ni karakana. Kuanzia saa moja asubuhi wanagonga vyuma, na unajua Kidosho na kelele. Wiki ya kwanza alikaa na begi lake limefungwa mlangoni, akila amesimama, mikono masikioni. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayengoja mwenye kosa akiri mwenyewe. Mume wangu akahamisha kabati likaziba ule ukuta wa upande wa karakana, tukatundika na blanketi nyuma yake. Kelele zikapungua. Siku ya tisa alifungua begi.

Shule ndiyo iliyotushinda mwanzoni. Ni shule ya kawaida, ila ina darasa la wanafunzi wanaohitaji msaada maalumu, na ndiyo sababu tukachagua mtaa huu. Lakini faili lake halikuwa limefika kutoka shule ya zamani. Mwalimu mkuu ni mtu mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na kila alichosema kilikuwa cha haki kwa karatasi. Alisema bila ripoti ya daktari na ya walimu hawezi kumwingiza darasa maalumu, na bila mtihani hawezi kumweka na wenzake wa umri wake. Akampa kitabu asome. Kidosho akasoma mistari miwili kwa muda mrefu, akaishia hapo. Mwalimu akaandika: darasa la pili, kwa muda.

Darasa la pili, Dada. Mtoto wa miaka kumi na mitano kati ya watoto wa miaka saba na minane. Dawati lilimfika magotini, akawa anakaa upande kama abiria wa baiskeli. Wale wadogo walimpenda. Walikuwa wanamwita mwalimu, wanamletea daftari zao asahihishe, na yeye akawa anatia vyema kila mahali. Nilicheka nilipoambiwa. Sasa naona sikupaswa kucheka.

Alivumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, wakati wa mapumziko, alitoka getini akaondoka.

Walinipigia simu saa nne na nusu. Niliacha mashuka kwenye mashine, nikatoka na sare ya kazi. Nilizunguka shule, nikaenda nyumbani, nikaenda stendi, nikaulizia madukani. Nilikuwa nawaeleza watu: msichana mrefu, sare ya bluu, hajibu akiulizwa. Hayo maneno mawili ya mwisho niliyasema kama mara hamsini. Mume wangu alipita barabara ya pili na pikipiki ya kazini. Polisi walituambia turudi baada ya saa sita mchana, kama hajaonekana.

Saa nane mchana nilirudi hospitalini kuchukua kitambulisho changu, ili twende polisi tena. Nikapita njia ya mkato, kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje. Kidosho alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu, ameshika kikaratasi cha foleni, namba themanini na sita.

Ilivyokuwa ni hivi. Hakupotea kabisa. Alikuwa ananifuata mimi. Nilimleta kazini mara moja tu, Jumamosi moja, na alishika njia yote: kona nne, vivuko viwili. Alifika geti la hospitali kabla hata sijapigiwa simu. Mlinzi akamuuliza, "Unamtafuta nani? Mgonjwa? Una kadi? Umetoka wapi? Jina?" Maswali matano kwa pumzi moja. Unajua maswali ya namna hiyo yanavyomfanya. Mlinzi alimwona ameduwaa, akadhani anaumwa, akamshika mkono kwa huruma mpaka kwenye benchi, akamchukulia namba. Sikuweza kumlaumu. Muuguzi aliita themanini na sita mara tatu, hakuna aliyeinuka, akaendelea na themanini na saba. Muda wote ule mimi nilikuwa nazunguka mji, na mwanangu yuko hatua mia moja kutoka kwenye mashine zangu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema anamtafuta mama yake. Akachukua muda wake. Tulikuwa tumeshafika nje ndipo akajibu: "Nilikuwa nasema. Aliondoka."

Jioni ile ndipo nilipokuandikia ile mistari minne, na wewe ukajibu kama ambavyo mama yeyote angejibu: nirudishie mtoto, huko hawamjui. Na kweli hawakuwa wanamjua.

Baada ya siku tatu tuliitwa shuleni, mimi, mume wangu na Kidosho. Faili lilikuwa limefika hatimaye, limelowa pembe moja. Safari hii alikuwepo mwalimu wa darasa maalumu. Ni mwanamke mnene, wa makamo, mwenye sauti ya chini, na wanafunzi wanamwita Mama Saa. Sababu tuliijua palepale. Alivua saa yake ya mkononi akailaza mezani, akamgeukia Kidosho akamuuliza, "Ungependa shule ikufanyie nini?"

Nikajibu mimi. Nikasema anapenda utulivu. Mwalimu akatikisa kichwa, akamuuliza tena maneno yaleyale. Nikajibu tena, nikasema kusoma kunampa shida lakini kusikiliza anasikiliza vizuri sana.

"Mama," akaniambia, bila ukali wowote, "nimemuuliza yeye."

Dada, sijui kama umewahi kukaa kimya na watu wanne chumbani ukihesabu mshale wa saa. Mwalimu mkuu alianza kusafisha miwani. Mume wangu akakohoa, safari hii si kwa vumbi. Kidosho alikuwa anaangalia meza, midomo inacheza kidogo, na mimi mikono yangu nimeikalia, kwa sababu nilikuwa nataka kumpapasa mgongo. Dakika moja ikapita. Nikataka kusema, basi mwacheni, mnamtesa. Dakika ya pili ilikuwa inakaribia kuisha.

"Nataka meza ndefu," akasema. Kisha akapumzika. "Sitaki darasa la watoto." Akapumzika tena. "Kengele iko dirishani kwangu. Inaniumiza."

Mwalimu mkuu aliandika yote matatu. Mama Saa akarudisha saa yake mkononi, akasema, "Hayo tunayaweza." Tulipotoka, mume wangu alitembea mbele yetu mpaka barabarani bila kugeuka nyuma. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anajifuta uso.

Sasa yuko darasa maalumu, wanafunzi tisa, walimu wawili. Sitaki kukupamba. Kusoma bado ni mistari michache kwa siku, na Mama Saa ametuambia wazi kwamba huenda mitihani ya taifa asiifanye, au aifanye kwa kuchelewa sana. Kuna msichana mmoja wa darasa la jirani anayeigiza anavyoongea. Juzi alirudi ametafuna mkono wa sweta mpaka nyuzi zimetoka. Lakini anakwenda shule na kurudi mwenyewe, na ana kadi shingoni ambayo waliichora wenyewe darasani: "Niulize swali moja. Nisubiri." Mlinzi wa hospitali ameshaonyeshwa. Siku hizi akimwona anamuuliza, "Mama?" tu, halafu anaegemea geti na kuangalia magari hadi ajibiwe.

Ninalotaka kukuambia sasa ni gumu, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Wewe ulimpokea akiwa na miaka mitatu, mimi nikiwa kazi za zamu. Wewe ndiye uliyemfundisha kula, kuoga, kuvaa. Bila wewe nisingekuwa na kazi na yeye asingekuwa na afya. Hilo silisahau. Lakini mpaka Desemba iliyopita ulikuwa unamfunga kamba za viatu, na mimi nilikuwa namjibia hadi salamu. Mtu akimuuliza habari, mmoja wetu amedakia. Tulikuwa tunaona uchungu akihangaika na neno, tukalitoa sisi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulichelea mwana kunyamaza, akanyamaza kwelikweli. Getini siku ile hapakuwa na mama wala mama mkubwa wa kumjibia, na mazoezi ya kujijibia hakuwa nayo. Hilo ni kosa langu kabla halijawa lako, kwa maana mimi ndiye niliyemzaa.

Simaanishi kwamba huku ni kuzuri na huko ni kubaya. Huku hakuna anayemjua tangu utotoni, wala anayemwonea huruma ya bure. Ndiyo maana wanalazimika kumuuliza.

Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu kwako. Kisha nikaona ninafanya lilelile. Kwa hiyo jana asubuhi, baada ya chai, nilimketisha mezani nikamsomea barua yako yote, hata yale mafungu ambayo hayakuwa ya masikio yake. Nikamwambia, "Mama Mkubwa anauliza kama utarudi kwake. Unasemaje?" Nikachukua kapu la nguo nikaanza kukunja, kwa sababu nikikaa bure nitasema.

Nilikunja mashati ya baba yake yote. Nikakunja taulo. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama Mkubwa analia?" akauliza.

Nikamwambia labda, kidogo. Akakaa tena. Nikahamia kwenye soksi. Karakana ilikuwa imefungwa, nyumba imetulia, na mume wangu alikuwa amesimama jikoni na kikombe kitupu mkononi, hathubutu hata kukiweka chini.

"Sirudi," akasema. "Namkumbuka, lakini sirudi. Aje yeye. Kitanda changu kikubwa."

Nilidhani amemaliza, nikafungua mdomo. Akaniinulia kiganja, kama askari wa barabarani.

"Nitamfuata stendi," akasema. "Peke yangu. Njia naijua."

Stendi iko mbali kuliko hospitali, na ina kelele kuliko karakana. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, kwamba tutakwenda wote, kwamba tuone kwanza. Niliyameza. Nikamwambia nitakuandikia kama alivyosema, na ndivyo nilivyoandika, sikuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo ukipata nafasi, goti likiruhusu, tuma siku na saa ya basi. Ukishuka usinitafute mimi. Simama ulipo, muulize neno moja, halafu umpe muda.

Nisalimie Baba, umsomee hii barua kwa sauti, na ukifika kwenye yale magumu usiyaruke. Nisalimie shemeji, na umwambie redio aliyotupa bado inaongea. Msalimie binamu yetu fundi cherehani: kitambaa cha sare kinatakiwa tena, mita mbili zaidi ya mwanzo.

Mungu akupe nguvu za miguu na wepesi wa moyo, na asikuondolee hata siku moja upendo ulionao kwa mtoto huyu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekungoja,

Kitindamimba