Mwanamke Anayepokea Simu Yangu

Jumamosi, mwezi wa tatu, 2019. Bellevue.

Mvua ya ngurumo imepiga mchana kama ilivyo desturi yake hapa Joburg, imeosha barabara na kwenda zake. Umeme nao haupo, ila huo usingekuwepo hata jua lingewaka, kwa sababu wiki nzima tuko kwenye mgao. Cherehani yangu ni ya umeme. Nimekaa barazani na koti la bwana harusi lenye mkono mmoja, naandika haya kwa simu.

Nina hasira. Nimeona niiseme mapema nisije nikajifanya mtakatifu.

Mwaka jana Mama Gloria, tunayeimba naye sauti ya pili kwaya, alinijia na habari njema. Mama Gloria wako wengi mjini hapa, kwa hiyo simwanikii mtu jina; anayejijua atajijua. Alisema kuna laini ya mkataba isiyokuja na simu. Unabaki na simu yako ile ile, unalipa kidogo kila mwezi, unapewa data, na juu yake dakika za kupiga nje ya nchi. Nje ya nchi! Mimi ni mtu wa Uvira, baba yangu yuko Uvira. Sikusikia kingine baada ya hapo.

Shida ilikuwa karatasi yangu. Mimi naishi kwa karatasi ya ukimbizi inayokwenda kugongwa muhuri upya kila baada ya miezi kadhaa, na hakuna kampuni inayompa mkataba wa miaka miwili mtu wa karatasi hiyo. Mama Gloria ana kitambulisho cha hapa. Akasema tuandike jina lake, mimi nitamletea pesa kila mwezi, sisi si ndugu? Muuzaji wa duka la kampuni ya simu akahamisha namba yangu ya zamani kwenye laini mpya. Nilimuuliza zaidi ya mara moja kama namba inabaki yangu. Akasema inabaki yangu.

Niliuliza hivyo kwa sababu namba ile imeandikwa nyuma ya mlango wa baba.

Baba hataki simu. Anasema mtu mwenye simu mfukoni hana tena siku yake mwenyewe. Basi Mama Feza, jirani yake, aliiandika namba yangu kwenye ule mlango kwa rangi iliyobaki ya madirisha, tarakimu kubwa kama za jezi. Baba akinikumbuka anaazima simu ya yeyote aliye karibu, anamleta mpaka mlangoni, wanabofya pamoja, wananibipu. Ikiita mara moja ikakatika, maana yake tuko salama. Ikiita, ikakatika, ikaita tena, maana yake nipige. Miaka yote tumeishi hivyo. Hakuna jirani aliyemnyima simu, kwa sababu kubipu hakuli salio la mtu.

Mkataba ulianza kunionyesha meno mwezi wa kwanza tu. Zile dakika za nje ni za nchi zilizochaguliwa, na Kongo haikuchaguliwa. Ulaya imo. Marekani imo. Nikipiga Uvira ilikuwa inakatwa pembeni kwa bei ya kukausha mate, na nikifika kikomo walichokiweka wao, njia ya nje inafungwa mpaka mwezi ugeuke. Kisha bei ikapanda katikati ya mkataba. Mimi nimefungwa miaka miwili, wao hawajafungwa na kitu. Kila nikipiga kulalamika naambiwa kwa adabu kubwa kwamba wanaomba kuzungumza na mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni Mama Gloria, na Mama Gloria siku zote yuko njiani anakuja.

Yote hayo niliyameza. Rahisi ni ghali, tulifundishwa toka utoto.

Kisha baba akanyamaza.

Krismasi ikapita bila kubipiwa. Mwaka mpya pia. Nilijaribu namba alizowahi kuazima: nyingine zilikuwa zimezimwa, ya Mama Feza iliita na kuita bila kupokelewa. Nikaanza kumwota baba, nikawa naogopa kulala. Nilishona vibaya. Mteja mmoja nilimshonea sketi zipu ikakaa mbele, akafikiri ni mtindo mpya.

Jumapili iliyopita Papa Shukuru, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa amefika kutoka Uvira. Baada ya ibada nilimkimbilia. Alinipa mkono wa baridi.

"Mzee wako ni mzima," akasema. "Lakini anasema ulishakuwa mukubwa. Ati umeweka mwanamke wa kupokeaka simu yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba pale mtaani hakuna tena anayemwazima baba simu, kwa sababu kila akisema anabipu tu anamaliza unité za watu, salio lote, na mzee mzima kuonekana mwongo mbele ya majirani si jambo dogo. Mama Feza ndiye aliyeumia zaidi. Nikajua kwa nini hapokei simu zangu.

Nilifika mpaka kwenye robot ya Rockey Street, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, ndipo akili ikafunguka, nikasimama pale taa ikabadilika mara kadhaa sijavuka.

Laini yangu ya zamani ilikuwa ikizimika, imezimika. Hii ya mkataba ilikuja na huduma ya kurekodi ujumbe, ambayo sikuiomba wala kuambiwa. Na kwa mgao huu unaokuja na kuondoka tangu mwaka jana, simu yangu hukosa chaji au mtandao wenyewe hulala, na hapo hapo mwanamke wa rekodi hupokea, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Kile kibahasha kidogo juu ya kioo cha simu nimekiona miezi mingi. Nilidhani ni matangazo yao.

Jumatatu asubuhi nilipiga kusikiliza.

Za mwanzo zilikuwa zimeshafutwa, hawazihifadhi muda mrefu. Zilizobaki zote zilikuwa za baba. Kwanza kuku, kisha mtu anapumua, kisha sauti yake ya kanisani, ile anayotumia kwa wageni. "Jambo, mama. Niko natafuta Riziki. Mwambie ni baba yake." Halafu akasema, "Haya, nitangoja."

Na akangoja. Alidhani yule mwanamke amekwenda kuniita. Baba yangu hawezi kumkatia simu mtu mzima anayezungumza naye, angeona ni utovu wa adabu. Alisimama nyuma ya mlango wake na simu ya watu sikioni, anakohoa kidogo, anamwambia mtu pembeni, "Wanamwita," mpaka salio la jirani likaisha. Rekodi iliyofuata, siku nyingine: jambo mama, samahani kukusumbua tena.

Nililia mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani amekufa.

Jumanne nilikwenda saluni kwa Mama Gloria. Nilimwambia yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema pole, na alipotoa simu kutafuta namba ya duka nikaiona vizuri kwa mara ya kwanza. Simu mpya, kubwa. Nilikuwa naijua, kwa sababu kimfuko chake cha kitenge nilikishona mimi, kama zawadi. Nikamuuliza aliipata wapi. Hakudanganya, hilo nampa. Kampuni ilimpa kwa kuwaingiza watu. Mimi, na kina mama wengine wa kwaya, kila mmoja laini moja, zote kwa jina lake yeye.

"Ulijua Kongo haimo?" nikamuuliza.

"Nilikusaidia, Riziki," akasema. "Bila jina langu ungekuwa na nini?"

Kinachoniuma ni kwamba amesema kweli. Bila jina lake sina kitu hapa. Ndiyo maana hakuona haja ya kuniambia. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nami ndiye fundi niliyeshona nguo yenyewe.

Dukani waliniambia kuvunja mkataba ni kulipa miezi yote iliyobaki. Nikasema sitaki kuuvunja, nataka tu yule mwanamke atolewe. Wakasema mwenye akaunti aje mwenyewe na kitambulisho. Na namba? Namba ni ya mwenye akaunti. Mama Gloria aliahidi kuja Alhamisi. Nilimngoja kwenye kibenchi cha duka kuanzia walipofungua mpaka mlinzi akaanza kunionea huruma. Hakuja.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda spaza, kile kiduka cha hapa kona, nimenunua laini ya kawaida ya vocha. Kabla ya lolote nimehangaika na simu mpaka nimehakikisha hakuna wa kunipokelea. Nikaizima, nikamwomba mwenye spaza anipigie. Akaniangalia kama mgonjwa.

"Eish, sista, haipatikani," akasema.

Sijasikia neno tamu kama hilo mwaka huu.

Nikampigia Mama Feza. Namba ilikuwa ngeni kwake, kwa hiyo akapokea. Nilimwomba msamaha kabla hajapata nafasi ya kukata, nikamtumia unité za kufidia zilizoliwa, nikamweleza habari ya mashine inayosema kama mtu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka na mimi nikacheka. Akavuka uwanja kwenda kwa baba, namsikia anahema.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza kazi, akauliza mvua. Nikamweleza polepole kwamba hakukuwa na mwanamke, ilikuwa ni mashine. Akasema ndiyo, ndiyo, kama mtu asiyetaka kubishana na mwanawe. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ili Mama Feza asisikie:

"Sasa ule mama, hata siku moja hakukuambiaka nilikuwa nakungoja?"

Nikasema hapana, baba. Hakuniambia.

Ile laini nyingine nitaendelea kuilipia mpaka miaka yao miwili iishe, nisije nikamharibia Mama Gloria jina lake ambalo wengine bado wanalihitaji. Lakini imeshatoka kwenye simu, iko kwenye kopo la vifungo. Kesho kanisani tutasimama bega kwa bega kwenye sauti ya pili. Sijui nitamwangaliaje. Sijui kama nitaimba.

Mama Feza alisema rangi ya madirisha bado ipo kidogo, ataiandika mpya chini ya ile ya zamani. Nilimwambia afute ya zamani. Alisema baba amekataa, labda yule mama atajirudi.

Sasa hivi, nikiwa naandika hapa, simu imeita. Namba ya Kongo nisiyoijua. Imeita mara moja, ikakatika. Nimengoja nione kama itaita tena, kidole kikiwa tayari.

Haijaita. Sikupokea, na yeye hakungoja.