Mguu wa Kushoto wa Roboti

Jumamosi, Gurei, Juba

Na bado ananiita Mguu! Wani ana ndevu na watoto wawili, lakini leo amenifungulia geti akipiga kelele, "Mguu amefika!"

Utotoni kule Nakuru, sisi wanne tulikuwa na roboti moja, ile ya magari manne yanayoungana kuwa jitu. Familia zetu zilipoanza kurudi Juba, kila mtu alibeba gari lake. Wani alichukua kichwa, Lado kifua, Tombe mguu wa kulia. Mimi, msichana pekee, nikaachiwa mguu wa kushoto. Hiyo imeniudhi miaka yote.

Leo ndiyo mara ya kwanza vipande vyote vimekutana. Wanaume wazima wamepiga magoti mkekani, wakasimamisha jitu kwa mguu mmoja. Likaanguka. Wakaliegemeza kwenye chupa ya chai. Likaanguka tena.

Mimi nikanywa chai yangu polepole.

"Keji, dada yangu, malesh," Wani akasema mwishowe. "Tusamehe. Lete mguu."

Nikauchomeka. Jitu likasimama! Tukapiga makofi kama wehu, mke wa Wani akatucheka.

Ila Lado amepata kazi Wau, anahama mwezi ujao. Naogopa tutatawanyika tena, na...

Wakati wa kuagana nikachomoa mguu wangu, nikautia kwenye mkoba. Wani akalalamika, eti nimeharibu jitu.

Lado akaniangalia. Kisha akachomoa kifua chake, akakitia mfukoni.

"Tutaliunga Krismasi," akasema.