Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Malindi, Jumapili, Mei 1987. Mvua imekatika, joto limebaki.

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi kwa jina la Mola, usimwonyeshe mtu wala usimsimulie mtu. Hata neno moja. Soma, kisha ulifunge.

Niko ofisini na geti limefungwa kwa nje. Ami amekwenda arusini Mambrui. Kabla ya kuondoka ameniwekea karatasi nyeupe kando ya taipureta, akasema, "Nikirudi alasiri niikute barua imekwisha. Kesho asubuhi naipeleka polisi." Halafu nikasikia kufuli.

Ami ni ndugu wa baba yangu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha hadi kidato cha nne, akanipa ukarani katika biashara yake ya kukodisha magari kwa wageni wa mahoteli. Nalala nyumbani kwake, nala sinia moja na wanawe. Sijui mtu kama mimi anaanzia wapi kumwambia mtu kama yeye, "Sitaki."

Barua anayoitaka ni ya kusema kwamba Charo, dereva wetu, aliiba mafuta ya injini akayauza, na kwamba ndiyo sababu gari jekundu limekufa njiani. Charo ni mtu wa Vitengeni, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja hapa. Tangu Alhamisi ameachishwa kazi, lakini kila asubuhi anakuja kukaa nje ya geti, amevaa shati lake la kazi, limepigwa pasi.

Hakuiba. Najua vizuri kilichoiua injini ile.

Gari jekundu lililetwa mwaka jana. Ni dogo, lakini lina mbio za kukushangaza. Injini yake ni ya petroli, silinda nne, lita moja na kidogo tu. Siri yake ni tabo, kipande cha chuma kilichojikunja mfano wa konokono. Ndani yake mna feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo inaisukumia injini hewa zaidi, hata injini ya kikombe ikavuta kama ya ndoo. Kitabu chake cha Kiingereza kilieleza kwamba feni ile huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kwamba kinachoizuia isijisage ni utando mwembamba wa mafuta. Kisha, kwa herufi nzito: baada ya mwendo wa kasi, iache injini ingurume polepole dakika mbili kabla ya kuizima. Ukiizima ghafla mafuta yanasimama, feni bado inazunguka, chuma bado ni moto, na mafuta yanaungua mle mle.

Ami alinipa kazi ya kukifupisha kitabu kile kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ubandikwe ndani ya gari kwa ajili ya madereva. Nikaandika aina ya mafuta, upepo wa magurudumu, na baada ya maili ngapi mafuta yabadilishwe.

Mstari ule wa dakika mbili niliuruka.

Yadi yetu na msikiti vimetengwa na ukuta mmoja. Kwa hiyo Ami ana amri yake ya miaka mingi: gari likifika juu kwenye kona ya duka la mkaa, dereva azime injini, ateremke kimya kwa mteremko hadi yadini, wanaosali wasisumbuliwe. Ni adabu nzuri, na majirani wanamsifu kwayo. Magari yetu ya zamani hayakudhurika kitu.

Nilipoufikia mstari ule nilimwendea barazani. Nikamwambia, "Ami, kitabu kinasema gari hili lisizimwe upesi."

Alikuwa akinywa kahawa na wenzake. "Kimeandikwa na nani hicho, na imamu?"

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka. Nikarudi mezani nikaupiga taipu ukurasa bila mstari ule, kwa sababu sikutaka ziwepo amri mbili na mimi nisimame katikati.

Charo akawa mtiifu kuliko wote. Yeye si Mwislamu, lakini alikuwa akizima mapema kuliko madereva waliozaliwa hapa mjini. Nilimuuliza siku moja. "Nyumba ya watu haiingiwi na viatu, mwanangu," akanijibu. Anatoka kivukoni Kilifi mbio na wageni waliochelewa, tabo imewiva kama kaa la moto, anafika kwenye kona, anazima. Kila siku, kwa miezi minane.

Alhamisi akitoka kivukoni moshi wa buluu ulimfuata njia nzima, na karibu na Gede gari likafa. Likavutwa kwa kamba hadi hapa. Ami akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, kikatoka kikavu.

"Umeyauza!"

"Bosi, nilipima asubuhi. Yalikuwa juu kabisa."

"Basi yamenywewa na shetani?"

Jana Fundi Saidi, mwenye karakana nyuma ya ukuta wetu, alilifungua konokono lile akaniita. Mafuta yalikuwa yamegeuka makaa. Feni ilichezacheza kama jino la mtoto. "Hapana mwizi hapa," akaninong'oneza. "Imeyanywa yenyewe, ikayatoa kwa moshi. Lakini mie sisemi, karani. Nala kwa ami yako."

Sote tunakula kwa Ami.

Leo asubuhi Charo aliniona kwenye upenyo wa geti. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee Charo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma. Kile kitabu cha gari hakina neno la kunisaidia?"

Nikamwambia nitaangalia.

Nitaangalia! Na ule mstari naujua hadi nukta yake.

Sasa ni saa tisa. Nimeianza barua ya Ami mara tatu, na kila nikifika kwenye jina la Charo naichomoa karatasi. Linalonitisha zaidi ni kwamba Ami hasikiki akija. Naye huzima pale pale kwenye kona. Utakachosikia kwanza ni changarawe chini ya dirisha, naye ameshafika.

Nimetia karatasi mpya na kaboni chini yake. Nimeuandika mstari ule kama ulivyo kitabuni. Nimeandika ni nani aliyeuruka. Nimetia sahihi.

Nakala ya juu naiacha mezani kwa Ami. Ya kaboni naikunja ndani ya daftari hili, nimpe Fundi Saidi kupitia nondo za dirisha la nyuma. Yeye hana haja ya kusema neno. Ampelekee tu mtu yeyote asiyekula kwa Ami.

Basi mtu huyo ni wewe. Juu nilikuomba ufiche. Sasa nakuomba uifikishe nakala hii polisi kesho, kabla Ami hajaamka. Nifichie moja tu, kwamba siku ile barazani nami nilicheka.

Wakinitaka nithibitishe, usipige simu. Simu iko mezani kwake. Njoo kwa gari, upande wa karakana. Ukifika usilizime. Liache lingurume dakika mbili. Mtaani kwetu hakuna gari lingine linalofanya hivyo, kwa hiyo nitajua ni wewe, nami nitatoka.