Breki za Prado ya baba

Nura, hebu sikia. Tulikuwa tunashuka mteremko wa Gihosha na ile Prado kuukuu ya baba, pedali ya breki ikazama hadi chini, gari likaendelea tu. Kilichotusimamisha ni ukuta wa nyumba ya watu.

Ukuta, Nura.

Na fundi Sylvère alishamwambia baba aweke breki kubwa zaidi, gari ni zito na hizi zimechoka. Leo taa imevunjika, mama analia, unajua baba kajibu nini?

"Apana, Marwa. Mafuta yenyewe hatupati, gari inalala tu. Breki kubwa za nini?"

Nikamwambia, leo si umepata mafuta?

"Na si imesimama?"



Sasa baba amewasha gari tena. Mama amefuta machozi, amekaa mbele, ananiita nipande.