Ni Nani Alitangulia mu Ziwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa mbele ya OPJ (afisa wa polisi ya upelelezi) Bertin, Baraka, teritware ya Fizi, tarehe 10 Agosti 2023.
Jina: Solange Wilondja. Miaka: 46. Kazi: muuzaji wa samaki ya kukausha. Makao: Baraka.

Mi Solange nasema tu ile niliona na macho yangu.

Byiringiro ni mugeni wangu, anapanga chumba kwangu tangu mwezi wa sita. Ni mwanafunzi. Bazazi bake ni bachungaji wa ngombe kule milimani. Alikuja hapa juu ya kome za ziwa, zile za maganda mbili. Anakata kanyama kadogo, anakaweka mu kachupa ka alkoli, anatuma ku laboratware. Kule banasoma urithi ule kome inapata kwa bazazi, kusudi bajue gani ni ndugu ya gani. Nilikuwa namuchekaka: "Baba, benzako banatafuta bibi, we unatafutia kome ukoo." Anacheka, anakula ugali yake na ndakala, tule tusamaki tudogo twa ziwa.

Mnamo tarehe 9 Agosti asubuhi, tulishuka naye ku pwani. Kila pwani iko na mukubwa wake, na bila ruhusa yake muntu hatoi kitu mu maji. Mukubwa wa kwetu ni Alphonse, kaka yangu, tumbo moja. Alimuomba Byiringiro aelezee bavuvi ile kazi. Byiringiro akapanga maganda ku mukeka. Akaonyesha mbili zinafanana kabisa, akasema hizi hata si ndugu ya karibu. Akaonyesha ingine nene na ingine nyembamba, akasema hizi ni mama moja. Bavuvi balifurahi sana.

Kisha Alphonse akauliza: "Sasa, kati yao nani mwenyeji, nani mugeni?"

Nilijua ile ulizo haikuwa ya kome. Ku inchi yetu ile ulizo ilishazika batu mingi, juu bachungaji ba milimani banaitwaka bageni. Nikamukanyaga Byiringiro ku muguu. Lakini yeye, mutoto wa masomo, akajibu sawa vile iko mbele ya mwalimu wake: "Hakuna mwenyeji, papa. Zote zilitokaka mu mito, zamani sana. Zingine zilitangulia tu."

Alphonse akasema: "Mumesikia? Leo ni kome. Kesho batatuletea karatasi ya laboratware, eti na sisi tulikuja tu."

Kaka yangu hapana muntu mubaya. Vita ilimunyanganya shamba ya mulimani na batoto babili. Lakini ni yeye alisema: "Mumufunge." Jacques, muvuvi wake, akaleta kamba ya wavu. Bakamutia Byiringiro mu mutumbwi wa motere, bakaelekea Kazimia, kule kusini ya ziwa. Mi niliingia mu maji mpaka kifua, nikashika mutumbwi. Nikamuambia: "Kaka, huyu anakula kwangu." Alphonse akatoa vidole vyangu ku mbao, kimoja kimoja, polepole, kama muntu anatoa mwiba. Ile upole ndiyo inaniuma zaidi.

Saa kumi ya jioni mutumbwi ukarudi. Byiringiro hakuwa ndani, viatu vyake vilikuwa ndani. Nikauliza: "Mutoto iko wapi?" Alphonse akasema: "Tulimuacha." Wapi, hakusema, na hakuniangalia ku macho.

OPJ ananiuliza kama pengine balimuacha Kazimia muzima. Pengine. Mi naogopa sana. Naomba mutume batu leo, hapana kesho.

Nimesema yote mi mwenyewe, hakuna muntu alinilazimisha, na sina la kuongeza.

Sahihi: Solange W.

Nota ya OPJ: Nimemusomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Jamaa yake imekusanyika inje na inaomba jina la Alphonse liondolewe. Nimemuuliza shahidi mara mbili. Amejibu: "Liache." Nimemuelezea kwamba mutumbwi wetu hauna mafuta kwa leo. Ametoka kwenda kuyatafuta, amepita mbele ya jamaa yake bila kusalimia.