Kitambaa Kilichobaki

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Nimerudi kazini jioni, vumbi la malori ya bandarini limenijaa hadi puani. Umeme hamna, kama kawaida. Mama yuko barazani na cherehani yake, anakanyaga. Nikamwamkia. Akaitikia haraka mno, akavuta kanga akafunika alichokuwa anashona.

Mama hafuniki kazi. Hata magauni ya mabibi harusi ameyashona hapohapo barazani, kila mpita njia wa mtaa wa Rahaleo akitoa maoni yake. Leo anafunika. Nimewahi kuona ukosi tu. Ukosi wa shati la kiume, bluu yenye mistari myeupe.

Nyumba hii haina mwanamume tangu Baba afariki. Tuko wawili, mimi na yeye, tangu nilipoachika nikarudi na sanduku langu.

Chakula cha usiku mihogo ya nazi. Laini, mizuri. Nikauliza imetoka wapi.

"Kwa ntu," akasema, kisha akaanza habari za mafuta ya taa.

Mtu gani?

Jumanne, 5 Agosti

Kazini sikufanya la maana. Nawaza shati.

Niandike hapa kinachonisumbua. Mama hatumii futi kamba. Hajawahi. Anapima kwa mikono yake: shubiri kutoka bega hadi bega, kiganja kifuani, vidole shingoni. Wateja wote ni wanawake na watoto, maana wanaume hawezi kuwashika. Mwanamume pekee aliyewahi kumshonea ni Baba.

Kwa hiyo kama kuna shati, kuna mwanamume aliyesimama mbele ya mama yangu, na Mama akamwekea mikono mabegani.

Sipendi. Sipendi kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama alikwenda kwa jirani yetu, Mama Zuhura, kuomba chumvi. Nikafunua kanga.

Shati zuri, sina budi kusema. Mifuko miwili, matundu ya vifungo safi. Lakini bega la kushoto limekatwa chini kuliko la kulia. Vidole viwili hivi. Nikasema basi, macho ya Mama yamekwisha, na mimi nashinda nawaza wanaume.

Nikaligeuza nikatazama mishono kwa ndani. Imenyooka kama zamani. Hakukosea. Amekata hivyo makusudi.

Nikafunika. Niliporudisha kanga sikumbuki upindo ulikuwa upande gani. Akirudi atajua. Amerudi, amejua, ameugeuza upindo tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Mikindani, kwa Mhindi wetu wa vitambaa. Nilikuwa nimeshamshuku yeye. Tangu nikiwa mdogo anamkatia Mama bei, na kila mara anamuuliza afya. Nikasimama dukani nikimkagua mabega mpaka akaniuliza kama kuna kitu ukutani nyuma yake. Mabega yake yako sawasawa. Na mkewe alikuwa ameketi pale pale, ananitazama vibaya.

Akaniambia Mama alichukua mwisho wa jora, ile bluu yenye mistari. Kipande chote.

Nimerudi nikiwaza zamani. Kila Idi ya utoto wangu Mama alinunua mwisho wa jora. Rahisi, na kinatosha nyumba nzima. Shati la Baba, gauni lake, gauni langu, na kilichobaki foronya. Tulitoka msikitini tukarandana, watu wakituita timu ya mpira. Nilikuwa naona aibu na najisikia vizuri, yote kwa pamoja. Mama alikuwa na msimamo wake: aliyevaa kitambaa hiki ni wa nyumba hii, tusipotezane kwenye watu. Binamu alipoomba kipande ashonewe naye, Mama alimnunulia kingine.

Sasa kuna mwanamume wa mwisho wa jora.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Zuhura kanisimamisha njiani. "We Somoe, mama yako siku hizi anacheka peke yake. Kuna nini huko kwenu?"

Nikamjibu sijui. Ni kweli, sijui. Ila sikupenda kwamba yeye ameona kabla yangu.

Leo mihogo tena.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefungua sanduku langu la nguo za zamani. Nilitaka kulinganisha mishono, ndivyo nilivyojidanganya.

Gauni la kijani la Idi ya mwaka tisini na moja. Mikono ya puto, imeshuka hadi chini ya kiwiko, inabanwa kwa mpira. Nililipenda gauni lile kufa. Wasichana wa shule walimjia Mama barazani, wote wanataka mikono ya Somoe. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mtu wa kuigwa. Kisha sketi ya marinda aliyoitoa kwenye suruali ya Baba, nikatembea nayo ufukweni Shangani jioni kama nimenunua bahari.

Na lile la tisini na tatu, la njano. Hilo lilitugombanisha. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, wenzangu wote wanavaa vigauni visivyo na mikono, nami nataka. Mama akasema kitambaa kimetosha mikono, kwa nini kipotee? Nikalia. Nilihisi ananibania, hataki nipendeze. Tangu zamani mimi ni mtu wa kushuku.

Sanduku limenuka nondo. Nimelia kidogo. Basi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwona.

Nilijitia naumwa kichwa, nikatoka kazini mapema, nikakaa kwenye benchi la muuza sambusa ng'ambo ya msikiti. Watu wakatoka. Nikawa natazama mabega tu, mtu mzima mimi, mwenye kazi yake. Marefu, manene, yaliyopinda. Kisha akatoka Mzee Hashimu.

Namjua. Nani hamjui? Alikuwa kuli bandarini tangu ujana, akibeba magunia ya korosho, siku zote bega la kushoto. Sasa amestaafu, analima mihogo huko Naliendele. Bega limeshuka halijarudi. Shati lake la mtumba lilikuwa limevutwa upande mmoja, ukosi uko karibu na sikio, kama kuna mtu anamburuta.

Mjane, mpole, hajawahi kunikosea. Nimemchukia hapohapo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeuliza. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakatoka mabaya.

"Mama, unamshonea Hashimu shati?"

Hakushtuka. Akakata uzi kwa meno. "Mzee Hashimu. Shika adabu." Kisha: "Kaniposa. Nilikuwa nangoja uulize, maana ungefunua tu. Na umefunua."

Nikamwambia watu watasema nini. Nikamwambia Baba. Nikamwambia na mimi je, nitakwenda wapi? Hilo ndilo nililokuwa nataka kusema tangu mwanzo.

Akasema hakuna anayekwenda popote, Mzee Hashimu ndiye atakayehamia hapa. Akanyanyuka akaleta kitambaa, ile bluu, amekikunja vizuri. Akakiweka juu ya cherehani.

"Gauni langu nimeshakata. Hiki kimebaki. Ukitaka, njoo nikupime. Usipotaka n'tashona foronya."

Nikaingia chumbani.

Jumanne, 19 Agosti

Kitambaa bado kiko juu ya cherehani. Hatuongei. Tunasalimiana kama wapangaji.

Naogopa. Niandike tu, hakuna anayesoma. Naogopa kwamba atacheka na yule mzee barazani, na mimi nitakuwa mgeni pembeni, mwanamke aliyeachika anayekula mihogo ya watu.

Alhamisi, 21 Agosti

Mzee Hashimu amekuja na kapu lake. Nikamwamkia kwa sauti ndogo. Akaniitikia marahaba kwa sauti ndogo zaidi. Ananiogopa, naona.

Mama akampa shati ajaribu. Nikabaki dirishani, nyuma ya pazia. Mzee akaingia ukumbini akiwa na mtumba wake uliovutwa, akatoka na shati la bluu. Limekaa. Ukosi katikati ya shingo, mistari imenyooka, mabega sawasawa. Hukuona tena kama lipo bega lililoshuka. Akajishika begani mwenyewe, taratibu, akamtazama Mama. Mama akajifanya anatafuta sindano.

Uso ule naujua. Nilikuwa nao mimi mbele ya kioo Idi ya mwaka tisini na moja.

Nikiwa na miaka kumi na miwili nilijimwagia uji wa moto. Kovu linaanzia kwenye kiwiko linapanda karibu na bega. Nilipokuwa msichana nililichukia kuliko kitu chochote. Mama hakulitaja hata siku moja. Aliniambia mikono ya puto ndiyo fasheni ya Dar, nami nikaamini. Lile la njano pia. Kitambaa kimetosha mikono.

Miaka yote hii nilidhani mama yangu anapenda tu mikono mirefu.

Nimekaa kitandani hadi adhana ya magharibi.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi tulivu. Mama barazani, anapaka cherehani mafuta. Kitambaa kiko pale pale.

Nimetoka nikasimama mbele yake. Nikanyoosha mikono pembeni, kama zamani. Akajifuta mafuta kwenye kanga. Akaweka shubiri mgongoni, bega hadi bega. Kiganja kifuani. Mikono yake imekuwa mikavu, lakini bado ina joto.

"Umenenepa," akasema.

"Mihogo," nikasema.

Akashuka mkononi. Alipofika kwenye kovu vidole vikatulia kidogo, kisha vikaendelea.

"Puto?"

Nikamwambia haivaliwi tena. Akasema hajaniuliza kinachovaliwa. Nikafikiri. Kisha nikamwambia hapana, safari hii akate mkono mfupi. Akanitazama usoni. Akachukua chaki.

Sasa anakanyaga cherehani, nasikia kutoka huku ndani. Kitambaa kimekwisha chote. Foronya itabidi tununue dukani.