Jina la Mama Kwenye Bunduki ya Babu

Nizwa, Oman

Mdogo wangu Nassor,

Assalaam alaykum. Mama alitufunza kwamba salamu haikatwi hata kwa mtu uliyemkasirikia, basi ipokee. Vipi hali yako, ya mkeo na watoto? Mimi mzima, ila bega linauma, na moyo unauma zaidi.

Joto la huku siku hizi linapasua midomo. Nalala nyuma ya duka la Mzee Said, tajiri wangu, anayetengeneza bunduki za zamani za jeshi, zile ambazo kila risasi lazima uvute komeo kwa mkono. Kutwa napangusa vyuma. Ijumaa, baada ya sala, wazee wanaozikusanya huzitoa majumbani mwao tukaenda nazo bondeni kulenga shabaha, jiwe jeupe lililosimamishwa mbali kwenye kilima. Zina teke la punda, ndiyo habari ya bega langu. Lakini ndiyo siku pekee ninayocheka huku.

Jambo la kwanza alilonifunza Mzee Said si kulenga. Alinidaka mkono niliposhika msasa, akanambia mti wa bunduki kongwe haukwanguliwi, kila mkwaruzo una mwenyewe. Kitambaa na mafuta, basi. Ndipo nami nikajisifu. Nikawaambia wazee kuwa nyumbani kwetu Mji Mkongwe ipo moja ya marehemu babu, komeo lake alilisalimisha polisi mwenyewe isiweze kupiga tena, na kwenye kitako alichonga kwa kisu, kwa herufi za Kiarabu, jina la mama yetu siku alipozaliwa. Wakataka kuiona. Nikakuomba picha.

Nassor, una wazimu? Picha ile niliifungua mbele yao. Umempa fundi wa milango! Kaipiga msasa, kachonga maua, kaipaka vanishi, na mtutu rangi ya dhahabu, ati sikukuu inakaribia na wageni wanaokodi vyumba vyetu wapate cha kushika wakipiga picha. Misumari ya shaba ya mlango mkubwa ing'arishe kila sikukuu, hakuna atakayekulaumu, ndiyo ada yetu. Bunduki ya babu si mlango! Wanasema akili ni nywele; wewe umenyoa upara. Wazee waligeukia bunduki zao kwa kunisitiri. Mzee Said alinirudishia simu kwa upole, na bora angenitukana.

Kisha ukaniandikia, "Mama kaipenda." Muongo mkubwa wee! Mama haoni, na kila sikukuu huteremshiwa bunduki ile akapapasa jina lake, herufi kwa herufi, ndipo anywe chai. Babaake alifariki yeye hajaota meno. Picha yake hana, sauti yake haijui. Hana kingine kutoka mkononi mwake. Jana kanipigia simu, anazungumza chini chini, anaogopa usimsikie.

"Mwanangu, Nassor kaniletea bunduki ya watu. Nnapapasa, jina langu silipati. Mwambie airejeshe kwa wenyewe, anipe ya babaangu."

Nikasingizia mtandao mbovu nikakata. Na usithubutu kumwita fundi wako alichonge tena jina lile! Nakujua, ndilo unalolifikiria sasa hivi. Vidole vya mama havidanganyiki, na aibu itakuwa mara mbili.

Nisalimie mkeo, na mama mdogo wa Jambiani, mwambie sabuni yake ya mwani imenifikia. Fundi usimsalimie. Mama naye usimpe salamu zangu bado. Kwanza mletee ile bunduki, kaa naye chini, shika mkono wake uuweke pale lilipokuwa jina lake, kisha umwambie mwenyewe kwamba hiyo ndiyo ya babaake.

Kakako,
Suleiman